Lugha Isiyo na Mwenyewe Mbele ya Okestra

Mtunzi wa muziki wa okestra anayetaka sauti ya binadamu iingie katika kazi yake hana uhaba wa lugha. Kiitaliano kimebeba opera tangu karne ya 17. Kijerumani kina hazina ya nyimbo za Schubert na Mahler. Kilatini kimekaa kanisani zaidi ya miaka elfu moja, na wanakwaya wengi huzoea kukitamka kabla hawajajua maana yake. Kwa hiyo mtu anapoziacha lugha zote hizo, akaiacha na lugha ya mama yake, kisha akaandika kazi kubwa kwa Kiesperanto, lugha ambayo wengi wa wasikilizaji wake hawaijui hata salamu, lazima kuna jambo analolitafuta. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba anataka kueleweka na dunia nzima. Jibu hilo linaporomoka mara tu tunapotazama kazi zenyewe na waliozitunga. Watunzi hawa walijua wazi kwamba ukumbi hautaelewa neno moja katika kumi. Walichokuwa wakitafuta ni lugha isiyo na mwenyewe: isiyo ya taifa, isiyo ya kanisa, isiyo ya kabila linaloweza kumwambia mwimbaji kwamba yeye ni mgeni. Lakini kukosa mwenyewe hakutoshi. Kiesperanto kinabeba uzito katika muziki kwa sababu kimekuwa na watu wake, watu waliokisema, wakakitungia mashairi, na wengine wakafa kwa ajili yake. Pale mtunzi alipowakumbuka watu hao, kazi imesimama. Pale walipotumiwa kama pambo tu, kazi imeyumba.

Tuanzie kwenye chimbuko. Ludwik Zamenhof alizaliwa mwaka 1859 Białystok, mji uliokuwa chini ya dola ya Urusi, ambamo Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani waliishi mtaa kwa mtaa na kutiliana shaka. Akawa daktari wa macho, na mwaka 1887 akachapisha mjini Warsaw kitabu chembamba cha lugha yake mpya kwa jina la bandia, Doktoro Esperanto, yaani daktari mwenye matumaini. Muziki ulikuja mapema sana. Shairi lake liitwalo La Espero lilitiwa muziki na Msweden Claes Adelsköld mwaka 1891, na baadaye Mfaransa Félicien Menu de Ménil akalipa lahani yenye mwendo wa gwaride ambayo hadi leo ndiyo wimbo rasmi wa Waesperanto. Walipofanya kongamano lao la kwanza la dunia, mwaka 1905 huko Boulogne-sur-Mer, walikuwa watu 688, na kuimba pamoja kulikuwa sehemu ya kufahamiana. Mwaka 1908, kwenye kongamano la Dresden, tamthilia ya Goethe ya Iphigenie iliigizwa kwa tafsiri ya Zamenhof mwenyewe. Sanaa ya kizazi hicho ilikuwa ya ndani ya nyumba. Mwimbaji alielewa, msikilizaji alielewa, na wote wawili walikuwa wameamini jambo lilelile. Hata mpiga piano na mtunzi Mwingereza Frank Merrick, aliyefungwa katika Vita Kuu ya Kwanza kwa kukataa kushika silaha, na ambaye alitunga nyimbo nyingi kwa lugha hii, alikuwa akiwaandikia hasa wale waliokwisha kushawishika. Nyimbo za sauti moja na piano zilitosha kwa kusudi hilo. Okestra ni jambo jingine: inahitaji fedha, ukumbi, wapigaji wa kulipwa, na hadhira isiyokuwa ya chama.

Kabla ya kufika huko, kuna sababu ya kiufundi ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi kuliko wengi. Kiesperanto kina irabu tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja husikika kwa namna moja popote inapokaa. Mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, bila ubaguzi. Kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Hayo yote ni maelezo ya Kiswahili pia, karibu neno kwa neno. Mwalimu wa kwaya anajua thamani yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya mazoezi huishia kwenye kusawazisha irabu: watu arobaini wakiimba irabu moja kwa namna kumi tofauti, sauti inakuwa na ukungu hata kama kila mmoja yuko kwenye noti sahihi. Kwa Kiingereza au Kifaransa kazi hiyo haiishi. Kwa Kiesperanto inakwisha siku ya kwanza, na mkazo usiobadilika unampa mtunzi mdundo anaoweza kuutegemea mstari baada ya mstari. Ugumu uko kwenye konsonanti, kwa sababu Zamenhof hakuona shida kuzirundika mbili au tatu mwanzoni mwa neno, jambo ambalo ulimi wa Mswahili, wa Mjapani au wa Mwitaliano hutaka kulilainisha kwa kuingiza irabu. Hata hivyo wepesi wa kuimbika hauelezi kila kitu. Kiitaliano nacho ni chepesi, Kilatini cha kanisani hali kadhalika. Ingekuwa suala ni irabu tu, hakuna mtunzi ambaye angehangaika na lugha ya Zamenhof.

Aliyehangaika kwa mafanikio makubwa kuliko wote ni Mmarekani Lou Harrison. Alizaliwa Portland, Oregon, mwaka 1917, akasoma kwa Henry Cowell, aliyemfundisha kusikiliza muziki wa dunia nzima kama mali ya kila mtu, na baadaye kwa Arnold Schoenberg, aliyemfundisha ukali wa kujihoji. Alikuwa mpinga vita wa maisha yake yote. Mwaka 1961 alikwenda Tokyo kwenye mkutano wa muziki wa Mashariki na Magharibi, akaendelea hadi Korea kujifunza muziki wa baraza la kifalme, kisha Taiwan. Kiesperanto kilikuwa tayari sehemu ya maisha yake. Kazi yake ya mwaka 1963 kuhusu bahari ya Pasifiki, iliyochanganya ala za Asia na za Magharibi, aliipa jina la Kiesperanto, Pacifika Rondo. Tunaposoma mpangilio huo wa maisha, tunaona kwamba lugha hii kwake haikuwa kichekesho wala mtindo wa msimu. Alikuwa mtu anayeandika muziki usiotaka kuchagua kati ya Asia na Marekani, na alihitaji maneno yasiyochagua pia.

Kazi aliyoifikia ni La Koro Sutro, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza San Francisco mwezi Agosti 1972, kiangazi kilekile ambacho kongamano la dunia la Waesperanto lilikutana Portland, mji wake wa kuzaliwa. Maneno yake ni Sutra ya Moyo, andiko fupi la Kibuddha linalohusu utupu wa vitu vyote, katika tafsiri ya Kiesperanto ya Bruce Kennedy. Ina utangulizi, aya saba, na hitimisho linalobeba mantra ya mwisho. Inaimbwa na kwaya kubwa ikisindikizwa na ogani, kinubi, na kundi la ala za kugonga ambalo Harrison na mwenzake William Colvig waliliita gamelani ya Kimarekani. Wapo watakaosema kwamba hiyo si okestra. Nasema ni okestra kamili. Gamelani ni okestra ya Java kwa maana ileile ambayo kundi la fidla na tarumbeta ni okestra ya Vienna: ala nyingi zilizopangwa sauti pamoja, zisizoweza kutenganishwa bila kuharibika, zinazopigwa na watu wengi kama mwili mmoja. Kuitengea okestra jina lake kwa ajili ya fidla tu ni kurudi kwenye ule umiliki ambao Harrison alikuwa akiukimbia.

Ala zenyewe zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo hoja yote ilimo. Colvig, aliyekuwa na maarifa ya umeme na ufundi wa vyuma, alizitengeneza mwaka 1971 kwa ajili ya opera ya vikaragosi ya Harrison iitwayo Young Caesar. Vibao vilikatwa kutoka kwenye aluminiamu ya kiwandani. Mirija ilikuwa mabomba ya chuma ya kupitishia nyaya za umeme. Chini ya vibao vikubwa vilipangwa makopo matupu ya bati ili kuikuza sauti. Mitungi ya oksijeni ilikatwa sehemu ya chini, ikaning'inizwa kama kengele na kugongwa kwa magongo ya mchezo wa besiboli. Zote zilipangwa sauti kwa uwiano kamili wa namba, mbili kwa tatu, nne kwa tano, si kwa mpango wa kinanda cha kisasa ambao kila umbali kati ya noti umepunguzwa au kuongezwa kidogo ili ufunguo wowote uweze kutumika. Wakati huo Harrison alikuwa hajaanza masomo yake ya gamelani ya Java, na ala hizi hazikudai kuwa za Java. Zilikuwa za Marekani, za chuma chakavu, zikijifunza kutoka Java bila kujifanya Wajava. Hivyo ndivyo Kiesperanto kinavyosimama mbele ya lugha kilizochota kwake. Kwenye La Koro Sutro lugha iliyoundwa inaimbwa juu ya ala zilizoundwa, katika mpango wa sauti uliochaguliwa kwa hesabu, na andiko lenyewe ni lile ambalo karne nyingi limekuwa likihama: toka Sanskriti hadi Kichina, ambako tafsiri mashuhuri inahusishwa na mtawa Xuanzang wa karne ya 7, kisha likaenea Korea, Japani, Vietnam na Tibet. Hakuna kipande cha kazi hii kinachoweza kusema kiko nyumbani na vingine ni wageni.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia. Lugha iliyotengenezwa na mtu mmoja mezani, watu husema, haina roho; haijalilia maiti wala kubembeleza watoto, basi itabebaje wimbo? Pingamizi hili linastahili heshima kwa sababu linasemwa na watu wanaopenda lugha. Lakini linakosea mambo mawili. La kwanza ni kudhani kwamba lugha nyingine zilijiotea zenyewe kama nyasi. Kiswahili sanifu kilichotumika kuandika makala haya kiliamuliwa: lahaja ya Unguja ilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kamati ikaundwa mwaka 1930 kuisawazisha, na tangu 1967 BAKITA imekuwa ikisanifu msamiati kwa ajili ya ofisi, maabara na mahakama. Hakuna anayesema kwamba kazi hizo ziliua roho ya lugha, kwa sababu watu waliichukua lugha ile wakaishi ndani yake. Kosa la pili ni la historia. Kiesperanto kimelilia maiti wake. Ujerumani ya Hitler ilipiga marufuku vyama vyake. Katika Urusi ya Stalin, kati ya mwaka 1937 na 1938, viongozi wa chama cha Kiesperanto walikamatwa kwa tuhuma za ujasusi, na kiongozi wao Ernest Drezen akapigwa risasi. Zamenhof mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1917, lakini watoto wake watatu wote waliuawa na Wanazi: Adam alipigwa risasi mwaka 1940, Sofia na Lidia walikufa Treblinka mwaka 1942. Lugha iliyopoteza watu kwa namna hiyo haiwezi tena kuitwa mchezo wa mezani.

Ni muhimu kuweka jambo hili wazi kwa sababu ndilo linalokitenga Kiesperanto na suluhisho jingine ambalo watunzi wa karne ya 20 walilijaribu. Stravinsky, alipotunga Oedipus Rex mwaka 1927, alitaka lugha iliyoganda, isiyochakazwa na mazungumzo ya sokoni, hivyo maneno ya Cocteau yakatafsiriwa kwa Kilatini. Alifanikiwa: kazi ile inasimama kama sanamu la jiwe. Karl Jenkins naye, kwenye Adiemus ya mwaka 1995, aliacha maana kabisa akaunda silabi za kuimbika tu, sauti ya binadamu ikawa ala miongoni mwa ala. John Williams alichukua Sanskriti kwa kwaya ya filamu ya Star Wars ya mwaka 1999, akizipanga silabi kwa jinsi zinavyolia. Njia zote tatu ni halali, na muziki wake unapendwa kwa haki. Lakini zote zinafanana katika jambo moja: zinaondoa mtu anayeweza kujibu. Hakuna jirani wa kukuambia umekosea Kilatini cha Oedipus, na hakuna taifa la Adiemus. Kiesperanto kinampa mtunzi umbali uleule kutoka kwenye siasa za mataifa, lakini kinamwachia wasikilizaji waliotawanyika duniani wanaoelewa kila neno. Ni mzigo na ni neema. Kwaya ikiteleza, kuna mtu ukumbini anayejua.

Mfano wa kuteleza ni filamu ya Incubus ya mwaka 1966, iliyoongozwa na Leslie Stevens na kuigizwa na William Shatner. Si kazi ya okestra, lakini naitaja kwa sababu inaonyesha hatari waziwazi. Kiesperanto kilichaguliwa ili kuipa hadithi ya mashetani hewa ya mahali pasipojulikana, waigizaji wakakariri mistari bila kuimudu, na Waesperanto hadi leo hulalamikia matamshi yake. Lugha iliyoundwa ili wageni waelewane iligeuzwa kuwa ishara ya ugeni wa kutisha. Watunzi kadhaa waliokuja baadaye waliujua mtego huo. Mmarekani David Gaines, ambaye mwenyewe ni Mwesperanto, alitunga katika miaka ya 1990 simfonia yake ya kwanza na kuiita Esperanto, kwa okestra kamili na sauti ya mezo-soprano. Ilirekodiwa na Okestra ya Filamoni ya Moravia, ya mji wa Olomouc katika Jamhuri ya Cheki, mwimbaji akiwa Kimball Wheeler. Lugha hapa haikuletwa kupamba simfonia. Simfonia yenyewe imejengwa juu ya wazo la lugha. Naona hapo kuna udhaifu wake pia, kwa kuwa kazi inayobeba jina la wazo huwa na jukumu la kulitetea kila dakika, ilhali Harrison, kwa kuimba juu ya utupu badala ya kuimba juu ya Kiesperanto, aliiacha lugha ifanye kazi yake kimya. Hata hivyo Gaines alithibitisha jambo lililokuwa na mashaka: kwamba okestra ya kawaida ya Ulaya, isiyo na uhusiano na harakati yoyote, inaweza kuipokea lugha hii kwenye jukwaa lake bila kubadilisha kiti hata kimoja.

Wasikilizaji wengi kuliko hao wote, lakini, waliletwa na mchezo wa video. Mjapani Nobuo Uematsu alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1997, kwa ajili ya Final Fantasy VII, muziki wa kwaya ya Kilatini wenye mistari iliyochukuliwa kwenye mashairi ya Carmina Burana. Kilatini kilimfaa kwa tukio la kutisha. Mwaka 2002, kwa ajili ya ufunguzi wa Final Fantasy XI, alitunga wimbo wa kwaya na okestra uitwao Memoro de la Ŝtono, yaani kumbukumbu ya jiwe, na safari hii akachagua Kiesperanto. Sababu iliyotolewa ni bayana: huu ulikuwa mchezo wa kwanza wa mfululizo ule kuchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, na watengenezaji walitumaini kwamba ungewakutanisha watu wa tamaduni tofauti. Tumaini hilo halikubaki kwenye wimbo tu. Wachezaji wa Japani na wa Marekani waliwekwa kwenye ulimwengu mmoja, na mchezo ukapewa orodha ya maneno na vifungu vya kawaida ambavyo Mjapani akivichagua kwa Kijapani, Mmarekani aliviona kwa Kiingereza, na kinyume chake. Kwaya ya ufunguzi ilikuwa ikitangaza kile ambacho mashine ndani yake ilikuwa inajaribu kukifanya. Wala haikuwa bahati kwamba jambo hili lilitokea Japani. Futabatei Shimei, mmoja wa waanzilishi wa riwaya ya kisasa ya Kijapani, aliandika kitabu cha kufundishia Kiesperanto mwaka 1906, na Taasisi ya Kiesperanto ya Japani ipo tangu 1919. Kwa karibu miaka mia moja kabla ya Uematsu, Wajapani waliochoka kuchagua kati ya Kiingereza na ukimya walikuwa wakiisoma lugha hii.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba mchezaji kijana hakujua hata kidogo kwamba anasikia Kiesperanto, kwa hiyo yote ni ladha tu. Ni kweli kwamba wengi hawakujua. Lakini wasemaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulipima pingamizi hili bila pupa, kwa kuwa jambo lilelile limetokea kwa lugha yetu. Christopher Tin, Mmarekani, alitunga Baba Yetu kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, akitumia Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Toleo la albamu yake ya Calling All Dawns ya mwaka 2009 liliimbwa na Soweto Gospel Choir pamoja na Royal Philharmonic Orchestra, na mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Tangu hapo kwaya za mabara yote zimeuimba, nyingi zikiwa hazina mtu mmoja anayejua Kiswahili. Je, huo ni upambaji? Kwa mwimbaji fulani, pengine. Lakini Mswahili anayeusikia anaelewa kila neno, anasikia pale mkazo ulipokaa na pale ulipopotea, na maana haikuondoka kwa sababu jirani yake ukumbini hakuipata. Mwesperanto anayesikia kwaya ya Uematsu yuko mahali hapohapo. Tofauti ni moja na ni kubwa: Tin alikiteua Kiswahili kwa sababu kinaashiria mahali, Afrika, chimbuko la binadamu wa kwanza katika hadithi ya mchezo. Uematsu alikiteua Kiesperanto kwa sababu hakiashirii mahali popote. Zote ni heshima, ila ya kwanza inaibebesha lugha bara zima, na ya pili inailinda lugha dhidi ya mzigo wa namna hiyo.

Linabaki pingamizi gumu kuliko yote, nalo haliwezi kujibiwa kwa muziki peke yake. Lugha isiyo na mwenyewe, wataalamu wengi husema, kumbe ina mwenyewe: ni Ulaya. Mizizi mingi ya maneno yake imetoka Kilatini na watoto wake, mingine Kijerumani, Kiingereza na lugha za Kislavoni. Mtoto wa Paris anakuta nusu ya kamusi tayari iko kichwani mwake, wa Kigoma au wa Seoul anaanza karibu na sifuri. Ukweli huo haupingiki, na Waesperanto wanaoukwepa wanajidhuru. Ninachoweza kusema ni kwamba umiliki wa lugha hauko kwenye mizizi ya maneno bali kwenye mamlaka ya kumkatalia mtu. Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu na hakuna mtawala wa Muscat anayetuamulia sarufi. Kiesperanto hakijawahi kuwa na jeshi, forodha wala mtihani wa uraia. Katika miaka ya 1920, pendekezo la kukipa nafasi kwenye Shirikisho la Mataifa lilipofika Geneva, lilipingwa vikali na Ufaransa, iliyokuwa na lugha yake ya kuilinda. Aliyewahi kukataliwa mlangoni na mwenye nguvu hawezi kuhesabiwa kuwa ndiye mwenye nguvu. Hata hivyo historia ya makongamano inaunga mkono wakosoaji kwa sehemu kubwa: yalianza mwaka 1905, lakini la kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, la 109, lilikutana Arusha mwezi Agosti 2024. Karibu miaka mia moja na ishirini ni muda mrefu sana kwa harakati inayojiita ya dunia. Na kazi za okestra za Kiesperanto nilizozijadili zote zimetoka Marekani na Japani, zikaimbwa na kwaya za huko na za Ulaya.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: watunzi waliofaulu hawakutatua tatizo la lugha duniani na hawakudai kulitatua. Walitoa nafasi, kwa muda wa saa moja au dakika chache, ambamo mwimbaji na msikilizaji wako sawa mbele ya maneno, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kwamba amevamia. La Koro Sutro ndiyo kilele cha historia hiyo hadi sasa, na bado inapigwa. Ilirekodiwa chini ya Philip Brett na waimbaji wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ikarekodiwa tena na Boston Modern Orchestra Project ya Gil Rose. Ni kazi ambayo Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuijaribu. Kwaya tunazo, za makanisa, za vyuo na za mashirika, zilizozoea sauti nne na zilizokua katika irabu zilezile tano. Walimu wake wa muziki wanajua kupima sikio la mwimbaji bila kutegemea kinanda. Ala ambazo kumbi nyingi za dunia huziazima kutoka mbali zimetengenezwa kwa aluminiamu, mabomba ya nyaya, makopo na mitungi iliyokatwa, vitu vinavyopatikana Gerezani, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, na mafundi wa kuvikata wako hapo kila siku. Wenye kwaya na wafundishe wimbo huu, wenye karakana na wapime vibao, na watunzi wetu wasisubiri ruhusa ya mtu kuiandikia lugha hii okestra yao wenyewe.